Nyumba ya mviringo si nyumba ya kuku



Tangu wenzetu wa seksio ya ujenzi walipobandika plani yao kwa mlango wa chumba cha kulia, tunasikia kicheko tu. "Ile ni nyumba ya kuku!" "Ni chungu wamefunika!" Plani yenyewe ni ya nyumba ya beto ya mviringo, toka chini mpaka juu, mita tano kwa upana. Ni ya papa zamu wetu. Bibambazi vya nyumba yake vimepasuka, na mvua inafika hata kitandani. Komite ya shule ilijibu kwamba itatengeneza ile ya zamani kwa matofali na manjanja, kama ya watu wote. Sisi kapita na wanafunzi wa mwaka wa sita tunasema kwa heshima: komite imejibu mbio sana.

Beto inavumilia sana kufinywa, lakini ukiivuta inapasuka upesi. Katika umbo la mviringo uzito wote unashuka kwa kufinya. Ndiyo sababu paa la Pantheon kule Roma, lenye upana wa mita zaidi ya 43, lingali limesimama baada ya miaka karibu 1,900, na ndani yake hamna chuma. Hata hivi, chini kabisa mviringo unataka kupanuka, kama kitunga kinachokanyagwa. Inafaa kuufunga pale kwa pete ya chuma cha beto. Wenzetu, hiyo pete hatukuiona kwa plani yenu. Muiandike!

Hapa Bukavu neno la nyumba si mchezo. Wazazi wetu hawajasahau tarehe 3 Februari 2008, siku ya Mungu, nchi ilipotetemeka. Kule Yogyakarta, Indonesia, tetemeko la tarehe 27 Mei 2006 liliua watu zaidi ya 5,000, na kijiji kimoja, Ngelepen, kikahamishwa na kujengewa nyumba za beto za mviringo, juu zinashindana na tetemeko kuliko ukuta wa matofali matupu.

"Na feza?" Simenti iko bei, hatukatai. Lakini mbao za paa na manjanja hazitakuwako. Tena hakuna lazima ya mashini. Paolo Soleri, kule Arizona, Marekani, alirundika udongo, akamwaga beto juu yake, na ilipokauka akachimba udongo na kuutosha. Udongo tuko nao, na majembe, na mikono ya wanafunzi wenye malipizi kila siku ya posho. (Wanajijua.)

Sasa neno lililotuuma. Karibu mwaka 1950 Wafaransa walijenga Dakar nyumba zaidi ya 1,000 za namna hii, kwa kutumia puto kubwa, kazi ya Wallace Neff wa Marekani. Zilikuwa nguvu. Lakini jamaa ziliongezeka, na mviringo hauongezeki. Watu wakabandika vyumba vya pembe nne kandokando, na nyingi zimekwisha kubomolewa. Aliyechora hakuwa yeye wa kulala ndani.

Na hapa kwetu? Komite ilikata neno, seksio ilichora, sisi tulicheka. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza papa zamu. Basi juma lililopita tulienda kwake jioni, mbele ya kazi yake. Aliangalia plani muda mrefu, akaigeuza, akasema: "Batoto, ni muzuri. Lakini mama atapikia wapi? Moshi itatokea wapi? Na kitanda yangu iko mustari, kibambazi iko ya kuzunguka. Mutakata kitanda?"

Tulikosa jibu. Tuliporudi tuliweka mambo matatu juu ya plani: jiko la pekee nyuma, tundu la hewa juu kabisa, na ukuta wa kusimama wima mpaka urefu wa mtu, ndipo mviringo uanze. Juu ya kitanda, mwalimu wa hesabu alitupimia: kitaingia, kikikaa katikati.

Sisi tutaondoka baada ya egzame ya Leta. Tunaomba Bwana Prefe aite komite tena mbele ya mwisho wa kiangazi, na safari hii papa zamu apewe kiti.