Mkanda wa Baba, Magoti ya Mama

Mwezi huu tunazungumza juu ya watoto wadogo ndani ya motokari. Pengine mmoja atasema: "Sisi hatuna motokari, maneno hayo ni ya matajiri." Ngojeni kwanza nieleze.

Siku moja nilitoka Sake kurudi Goma, karibu kilometa 25, ndani ya taksi. Mbele tulikuwa watu wazima watatu: shofere, mama mmoja kijana katikati, na mimi kwa dirisha. Mama alikuwa na mtoto wa miezi minane juu ya magoti. Mimi nilifunga mkanda, maana nimezoea. Katikati mkanda haukuwako.

Tulipokaribia Mugunga, chukudu yenye mzigo wa makala ikaingia barabarani. Shofere akakanyaga freni. Mkanda ukanishika. Lakini mtoto alichomoka mikononi mwa mama yake, akapiga kichwa mbele ya motokari.

"Pole mama," shofere akasema, "njo ile chukudu iliingia bila kuangalia."

Mama akalia: "Nilimukamata na mikono yote mbili! Nilimukamata!"

Tulimpeleka kwa muganga. Tunashukuru, ilikuwa kuvimba kwa kipaji tu. Hata hivyo neno la yule mama halijanitoka. Alisema kweli: alimkamata kwa nguvu zake zote. Nami haya ilinishika. Mtu mzima nilijifunga mwenyewe vizuri, wala sikuwaza kumwomba mtu wa nyuma abadilishane kiti na yule mama.

Kwa nini mikono haitoshi? Motokari ikikimbia kilometa 50 kwa saa, kila mtu ndani yake anakimbia 50 vilevile. Motokari ikigonga na kusimama ghafula, mtu anaendelea mbele. Kugonga kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa metre 10 hivi, kama juu ya nyumba ya etaji tatu. Mtoto wa kilo 10 anavuta mbele kama mzigo wa kilo 200 au zaidi, yaani mifuko minne ya sima. Mama gani anaweza kuzuia mifuko minne ya sima kwa mikono yake? Upendo anao. Nguvu hiyo hana, wala baba hana.

Hata wakubwa wa nchi tajiri walikawia kuelewa jambo hili. Katika jimbo la Tennessee, kule Marekani, muganga wa watoto aitwaye Robert Sanders alisumbuka sana mpaka jimbo likaweka sheria ya viti vya watoto, iliyoanza kazi mwaka 1978. Ilikuwa ya kwanza katika majimbo ya Marekani. Lakini wakubwa waliingiza neno moja ndani yake: mtoto akipakatwa na mtu mzima, inatosha. Muganga Sanders alilipinga neno hilo, maana mtu mzima asiyefungwa anamponda mtoto kwa uzito wake mwenyewe. Lilifutwa mwaka 1981. Kumbe mama wa Mugunga alidanganywa na wazo lilelile.

Katika Ulaya serikali ziliweka kanuni za Umoja wa Mataifa. Kanuni 44 ilianza mapema katika miaka ya 1980. Kiti kinafungwa juu ya chombo cha kupima, na ndani yake sanamu ya mtoto, kisha kinasimamishwa ghafula kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Kikishinda, kinapewa alama. Kanuni 129 ilifuata mwaka 2013: inapima pia kugongwa ubavuni, na inataka mtoto aangalie nyuma mpaka apite miezi 15, sababu shingo yake ingali laini na kichwa chake ni kizito.

Sasa hapa kwetu? Sheria ya barabara ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Tangu siku hiyo motokari zimeongezeka sana. Jirani zetu wa Kenya, mwaka 2004, chini ya waziri John Michuki, walilazimisha matatu zote kuwa na mkanda kwa kila abiria. Wenye matatu walipiga kelele, lakini mikanda iliwekwa. Kisha abiria wakaanza kulalamika kwamba mikanda ni michafu, wengi wakaacha kuifunga. Tunaona basi kwamba serikali inaweza kuleta mkanda ndani ya gari, lakini kuufunga ni kazi ya mtu mwenyewe.

Ninyi akina baba wa migodini mnalijua jambo hili kuliko sisi. Kampuni inakupa kofia ngumu, na ndani ya gari la kazi hauondoki bila mkanda. Lakini siku ya mungu tunapanda motokari na jamaa yote: baba amefunga mkanda, mama amepakata kadogo mbele, wakubwa wamesimama nyuma katikati ya viti. Je, kichwa cha baba ni cha bei kuliko vyote?

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema ajali za barabara zinaua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko ugonjwa wowote. Basi tufanye nini na kile tulicho nacho?

1. Mtoto akae nyuma, si mbele. Mikanda ya nyuma mara nyingi ipo, imefichwa chini ya kitambaa cha kiti. Itoeni, ioshwe.

2. Mkanda mmoja, mtu mmoja. Msifunge mama na mtoto pamoja: mama atamponda.

3. Kama hakuna kiti cha mtoto, mama akae nyuma, ajifunge yeye, na mtoto awe nje ya mkanda. Hiyo si dawa, inapunguza hatari tu. Kwa hiyo mwambieni shofere bila haya: "Yaya, polepole, tuko na mutoto."

4. Ukinunua kiti kilichotumika, tafuta karatasi yenye herufi E ndani ya duara. Kwa viti vya Kanuni 44, nambari ya kibali ianze na 03 ao 04. Vile vya 01 na 02 ni vya zamani, Ulaya iliwakataza watu kuvitumia tangu 2008. Kiti chenye ufa, ao kilichokuwa ndani ya ajali, kiache hata kama bei ni ndogo.

5. Kiti cha kuangalia nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ukipasuka unaweza kumuua mtoto.

6. Mtoto mkubwa kidogo, mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo, na upite begani, si shingoni. Akiwa chini ya sentimeta 135 anahitaji kiti cha kumwinua.

7. Juu ya mzigo wa Fuso hakuna mahali pa mtoto. Hakuna.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani: Katika safari yetu ya mwisho, nani alifungwa na nani hakufungwa? Vijana, mnaweza kumwambia shofere apunguze mwendo, hata kama wakubwa wananyamaza?

Yule mtoto wa Mugunga leo anakimbia. Nilikutana na mama yake sokoni, akanicheka: "Sasa ninakaa nyuma, na ninagombana na mashofere wote." Nilimwambia aendelee kugombana.

Tuonane mwezi ujao.