Jero ya Itaka ina haki na mabilioni ya televisheni

Siku ya Dabi ya Kariakoo, Itaka inasimama. Mkulima wa kahawa anatoka shambani mapema, bodaboda wanaegesha pikipiki, na vibanda umiza vinajaa hadi watu wanachungulia dirishani. Mlangoni ni jero. Ukichelewa, hiyo jero unaitoa na bado unasimama.

Hapo Itaka, wilayani Mbozi, Kariakoo ni mbali mno. Wengi wa wanaopiga kelele ndani ya kibanda hawajawahi kukanyaga Uwanja wa Mkapa. Lakini jero zao zinalipia king'amuzi, na ving'amuzi vya namna hiyo nchi nzima ndivyo vinavyoufanya mpira wa Tanzania uwe mali. Bila wao, hakuna televisheni ambayo ingeweka mezani hata shilingi.

Na mzigo uliowekwa ni wa maana. Mwaka 2021, TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni kwa haki za kuonyesha Ligi Kuu. Linganisha na mwaka 2013, mkataba wa kwanza ulipokuja: kila klabu ilikuwa inapata kama Sh100 milioni kwa msimu, na hata hapo watu waliona ni neema. Leo wachezaji wa kigeni wanakuja, mechi zinapigwa usiku chini ya taa, na ligi inatazamwa hadi nje ya nchi. Anayesema fedha za televisheni hazijabadilisha mpira wetu hajui timu zilikuwa zinasafiri vipi zamani.

Tatizo ni mgawo. Mbali na fungu ambalo timu zote 16 hupata, mkataba huo ulikuja na bonasi ya nafasi: bingwa Sh500 milioni, anayeshika mkia Sh20 milioni. Hiyo ni mara 25. England, ambako Ligi Kuu yao inauza haki kwa pamoja tangu 1992, bingwa hapati hata mara mbili ya timu ya mwisho katika fedha za televisheni za ndani na nje zikijumlishwa. Na hao ndio wenye mpunga mrefu kuliko wote duniani.

Mashabiki wa Simba na Yanga wana jibu lao: bila sisi hakuna ligi. Lina ukweli. Vibanda vya Itaka havijai kwa ajili ya timu mbili za katikati ya msimamo. Wakulima wenyewe wanajua hesabu hiyo. Kwenye AMCOS wanauza pamoja ili mnunuzi asiwanyonge mmoja mmoja, lakini mwenye kilo nyingi anaondoka na fedha nyingi. Hakuna anayenuna.

Ila kahawa na mpira vinaachana hapo. Mwenye shamba kubwa anaweza kuvuna hata kama jirani yake hana mche mmoja. Yanga haiwezi kucheza na Yanga. Dabi ni mechi mbili tu za ligi kwa msimu. Hizo nyingine zote za vigogo hao zinahitaji mpinzani aliyekula, aliyelipwa mshahara na aliyefika uwanjani akiwa na pumzi. Ukimwachia njaa, unauza filamu ambayo mwisho wake kila mtu anaujua.

Nyanda za Juu Kusini wanalijua hili vizuri kuliko Dar es Salaam. Msimu wa 2013/14, Mbeya City ilipanda daraja na kumaliza ya tatu, juu ya Simba, huku mashabiki wake wakiifuata mikoani kwa mabasi. Mwaka 2023 ikashuka, na ikachukua misimu miwili kurudi. Ihefu ya Mbarali ilipata jina kwa kuwatibulia vigogo. Leo iko Singida na inaitwa Singida Black Stars. Mbarali wamebaki na kumbukumbu. Timu isipokuwa na uhakika wa fedha inaishi kwa huruma ya mfadhili, na mfadhili akihama, timu inapanda naye gari.

Kenya nao wana somo. SuperSport ilipoondoka kwenye ligi yao mwaka 2017, klabu zilizokuwa zimeegemea fedha hizo zilibaki zinahangaika na mishahara. Kwa hiyo si suala la kupata mgawo tu, ni kuutumia kujenga kitu kitakachobaki siku televisheni ikifunga mkoba.

Kinachotakiwa hakihitaji mkataba mpya. Kwanza, pengo la bonasi lipunguzwe. Bingwa aendelee kupata zaidi, ni haki yake, lakini si mara 25. Tena yeye ana zawadi ya mdhamini na mashindano ya CAF. Pili, Bodi ya Ligi itangaze kila mwisho wa msimu klabu ipi imepata shilingi ngapi, kama wanachama wa AMCOS wanavyosomewa mahesabu yao. Tatu, sehemu ya fedha hizo ifungwe kwa ajili ya timu za vijana na uwanja wa mazoezi, siyo yote iishie kwenye usajili wa dirisha dogo.

Mkoa wa Songwe una umri tangu 2016, una mpaka wa Tunduma wenye biashara usiku na mchana, una kahawa, na una vijana wanaocheza pekupeku kila jioni. Songwe United ikifika Ligi Kuu siku moja, mgawo wa leo utaipokea kwa Sh20 milioni za mkiani na kuiombea dua.

Shabiki wa Itaka ameshatoa jero yake. Anastahili siku moja kuitoa ili aione timu ya kwao ikicheza na Yanga, na isifungwe kabla haijashuka kwenye basi.