MWANAFUNZI WA UUGUZI ASIACHWE PEKE YAKE

Kila mwaka vijana wetu wanaosomea uuguzi huingia katika wodi za Unguja na Pemba ili wayafanye kwa mikono yale waliyoyasoma darasani. Hili ni jambo jema, kwani hapana aliyejifunza unahodha kwa kukaa pwani. Hata hivyo, ni wajibu wetu kusema wazi kuwa makosa ya kutoa dawa hutokea katika hatua hiyo, na anayeyalipa ni mgonjwa.

Tutoe mfano mmoja. Insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari, aghalabu huja katika chupa yenye yuniti 100 kwa kila mililita. Mgonjwa aliyeandikiwa yuniti 10 hustahili mililita 0.1 tu. Mwanafunzi akiikosea nukta hiyo, akavuta mililita nzima, humpa mgonjwa kipimo mara kumi. Sukari ya mwilini huporomoka, na mgonjwa aweza kupoteza fahamu, hata roho. Sote tuliopita chuoni twajua kuwa nukta moja huigeuza herufi. Wodini huigeuza dawa ikawa sumu.

Wanafunzi hufundishwa kuhakikisha mambo matano: mgonjwa, dawa, kipimo, njia na wakati. Mafunzo hayo ni sahihi. Lakini kijana aliyeachiwa wodi iliyojaa, huku muuguzi aliyesajiliwa akishughulika kwengine, atayatimiza vipi? Hapo lawama si yake pekee, bali pia ya waliompanga.

Jambo la pili ni khofu. Mwanafunzi anayeamini kuwa akisema atafukuzwa, hunyamaza. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa la insulini likisemwa papo hapo, mgonjwa hupewa glukosi na huweza kuokoka; likifichwa, msaada huenda ukachelewa. Hatusemi uzembe ufumbiwe macho. Mzembe na awajibishwe. Tusemalo ni kuwa anayekiri upesi asihukumiwe sawa na anayeficha.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote zipunguze kwa nusu, katika miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Muda huo umekwisha, kazi haijesha.

Kwa hivyo tunawataka wakuu wa afya na wa vyuo watekeleze mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi asidunge sindano yoyote bila ya muuguzi aliyesajiliwa kusimama naye na kukihesabu kipimo upya. Pili, kila wodi iwe na daftari la makosa, lisomwe kwa kufundishia na si kwa kuadhibia. Tatu, pale ambapo wasimamizi ni wachache, wanafunzi wapelekwe kwa zamu ndogo ndogo, wala wasigeuzwe kuwa kiraka cha upungufu wa wafanyakazi.

Nanyi wananchi, mkiletewa dawa kitandani, ulizeni ni dawa gani na ya nani. Kuuliza si utovu wa adabu. Muuguzi mwema, na mwanafunzi wake, watashukuru kuulizwa.