Kompyuta ya kijana haiwaki baada ya kubadili prosesa? Msikimbilie kununua

WIKI hii naweka kando maswali ya ada na ya wakwe, kwa sababu kuna ujumbe wa mama mmoja wa Mwanza ambao nimeusoma mara tatu. Kijana wake wa kidato cha tano ana kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu, waliyoinunua ikiwa imeshatumika. Likizo hii akaamua kuiongezea nguvu. Alikuwa na akiba yake, mama akamjazia kwa fedha aliyokopa kwenye kikoba, akanunua prosesa ya Ryzen 5 5600 aiweke mahali pa Ryzen 5 2600. Ile ya zamani akamuuzia rafiki yake wa mtaani. Akafunga mpya, akawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi.

Sasa nyumbani hakukaliki. Baba anasema mtoto ameua kompyuta yenye hesabu zote za duka na picha za harusi ya dada yake, na tangu Jumapili hasemi naye. Fundi waliyempelekea aliitazama dakika kumi, akasema mazabodi imekufa, waleteni nyingine. Mama anauliza: akakope tena?

Hapana, dada yangu. Usikope, bado.

Kwanza mpelekee baba habari hii: hesabu za duka na picha za harusi ziko kwenye diski. Prosesa haibebi hata picha moja. Inaweza kung'olewa na kubadilishwa mara kumi na diski ikabaki pale pale na vitu vyake. Mwambie leo, kabla ya kugusa skrubu yoyote, maana nadhani hasira yake nyingi ni hofu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Mazabodi, yaani ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, ina programu yake ndogo inayoitwa BIOS. Hiyo ndiyo inayoamka kwanza, kabla ya Windows, na lazima iitambue prosesa iliyokaa kwenye tundu. Picha uliyonitumia inaonyesha ubao wa B450. Mbao hizo zilianza kutoka mwaka 2018. Prosesa ya 5600 imetoka mwaka 2022. Tundu lao ni moja, AM4, na pini zote 1,331 zinaingia bila kusukumwa, ndiyo maana kijana aliamini amemaliza kazi. Lakini kama BIOS haijafanyiwa sasisho tangu enzi hizo, haimjui mgeni aliyeletwa. Haitoi ujumbe wa kosa. Feni zinazunguka, basi.

Wala si uzembe wa kijana peke yake, jambo hili lilichanganya hata watu wazima. Mei 2020 AMD walitangaza kwamba mbao za B450 hazitapokea prosesa zilizokuwa zinakuja. Wateja wakapiga kelele, na mwezi huo huo kampuni ikageuza uamuzi. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba chipu inayotunza BIOS ni ndogo, haitoshi kuhifadhi maelezo ya prosesa zote za zamani na mpya. Kwa hiyo kwenye baadhi ya mbao, BIOS mpya inaziondoa prosesa fulani za zamani ili kupata nafasi.

Fundi aliyesema mazabodi imekufa hakuuliza swali la kwanza kabisa: kabla ya kubadilisha prosesa, ilikuwa inawaka? Kama ilikuwa inawaka jana yake, ubao unastahili kupimwa kabla ya kuzikwa.

Kipimo chenyewe ni rahisi kusema, ingawa kina aibu kidogo. Kijana aende kwa yule rafiki aliyemuuzia 2600 akaiazime kwa siku moja. Aende na baba yake, kama inawezekana. Warudishe prosesa ya zamani kwenye tundu lake na kuwasha. Kioo kikiwaka, mmeshajua kuwa ubao ni mzima na mmeokoa bei ya mazabodi.

Kwenye kung'oa na kufunga, tahadhari ni hizi. Kwa AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe, nyembamba kama nywele. Feni ya juu yake huwa imegandishwa na ile pesti ya kupitisha joto, na ukiivuta kwa nguvu inatoka na prosesa na kupinda pini. Zungusha kidogo kushoto na kulia mpaka ilegee, ndipo uinue. Pembe moja ya prosesa ina pembetatu ya rangi ya dhahabu. Ilingane na alama iliyo kwenye tundu, kisha prosesa iachwe iteremke kwa uzito wake. Pesti ya zamani ifutwe, ipakwe mpya kiasi cha punje ya njegere. Na waya wa picha uchomekwe kwenye kadi ya picha, si kwenye ubao. Prosesa hizi mbili hazitoi picha zenyewe, na nimeona watu wakilia kwa sababu ya waya huo tu.

Ikishawaka na ile ya zamani, msikimbilie BIOS. Huu ndio wakati wa baba. Anakili hesabu zake na picha zote kwenye diski ya nje, akae hapo mpaka aone zimefunguka. Halafu mwangalie kama Windows imefunga diski kwa BitLocker. Wengi hawajui kama wanayo. Kama ipo, isimamisheni kwa muda na muandike ule ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi hutunzwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeisajili kompyuta. Ukibadili prosesa, kompyuta inaweza kuuliza swali kuhusu fTPM na kutaka ubonyeze Y au N. Kubonyeza Y bila kuwa na ufunguo ndiyo njia ya kweli ya kupoteza picha za harusi.

Kisha ndiyo BIOS. Someni jina kamili la ubao lililochapwa juu yake pamoja na namba ya toleo, mwende kwenye tovuti ya kampuni iliyoutengeneza, mfungue orodha ya prosesa zinazokubalika na kutafuta 5600 na toleo la BIOS linalohitajika. Pakueni hilo, si la ubao unaofanana. Liwekwe kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, na sasisho lifanywe ndani ya BIOS yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii ubao unaweza kufa kweli, na safari hii fundi atakuwa amesema haki. Azimeni UPS kwa mtu. Siku ya mgao, ahirisheni.

Sasisho likiisha, zimeni, mchomoe waya wa ukutani, mfunge 5600. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi wakati kompyuta inapanga ramu. Mtu asiizime kwa kukosa subira. Kijana naye asilalamike kwamba gemu halijaongezeka kasi kabla hajarudi kwenye BIOS kuwasha XMP, kwa sababu sasisho hurudisha ramu kwenye mwendo wa chini.

Na kama hata 2600 ikirudishwa kioo hakiwaki? Chomoeni ramu na kuzirudisha moja moja, mtoe ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache, mkague waya wa umeme wa pini nane ulio karibu na prosesa, mtazame pini kwa kioo cha kukuzia. Hayo yote yakishindikana, tafuteni fundi mwingine mwenye ubao wa kupimia, naye ajaribu prosesa zenu mbele yenu.

Kuhusu baba. Dada yangu, usimtetee kijana kwa kumficha ule mkopo wa kikoba. Umeniambia mimi, yeye hajui. Mwambie kabla hawajakaa pamoja mezani na bisibisi, kwa sababu akiusikia kutoka kwa mtoto, kazi itaishia hapo.

Prosesa ya zamani irudi kwa mwenyewe jioni ile ile, imefutwa pesti na pini zake zimehesabiwa mbele yake.