Miwani ya Mbizi Ziwa Victoria? Taratibu Kwanza

Kila inapopita video ya visiwa vya Palau au Fiji, hapa Mwanza hakosekani wa kusema: sisi nasi tuna visiwa, kwa nini watu wasivae miwani na mrija wa kupumulia, wakajitosa? Nina majibu, na mengine ni ya wanaombishia mtu huyo.

Kwamba kisiwa ni kisiwa tu? Hapana. Uzuri wa Palau ni matumbawe, na matumbawe hayaishi katika maji yasiyo na chumvi. Kwetu ni mawe ya itale. Tena karibu na mji mwani umeyafanya maji ya kijani, hata jicho halifiki mbali.

Wabishi nao husema chini hamna kitu, sangara alishamaliza. Si kweli. Sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 aliangamiza furu wengi mno, lakini kwenye mawe wamebaki furu ambao Wasukuma huwaita mbipi. Mmojawao, Pundamilia nyererei, amepewa jina la Mwalimu Nyerere. Dume lake lina mgongo mwekundu unaowaka. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakipungukiwa mwanga, majike hushindwa kutofautisha madume kwa rangi, na spishi huanza kuchanganyika. Kisiwani Makobe, ambako maji ni maangavu zaidi, rangi hizo zipo bado. Kwa hiyo tusimtwike sangara lawama zote; maji taka tunayomwaga ziwani, yanayolisha mwani, ni yetu.

Basi twende Makobe tukajitose? Hapo ndipo pana kichocho, na hapo ndipo maneno matamu ni mengi. Eti, "nitameza dawa nikitoka majini." Dawa yenyewe, praziquantel, huua minyoo iliyokomaa; ile michanga, iliyoingia leo, huponyoka. Kidonge cha jioni hiyohiyo si kinga. Na vijidudu hupenya ngozi kwa dakika chache tu, wakati mtu wa miwani hukaa majini hata saa nzima.

Kuhusu mamba sina maneno mengi: kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ina mamba na viboko.

Ukitaka miwani, nenda baharini, Mafia au Chumbe. Ukitaka ziwa, panda boti uende kisiwa cha Saanane, ubaki juu ya maji. Na ukishaloa, usiridhike na kidonge cha siku hiyo: rudi kupima kichocho baada ya wiki kadhaa.