Lugha za Dunia na Wajibu Wetu

Kila mwaka vijana wetu wanapomaliza kidato cha sita na kuanza kuchagua masomo ya Chuo Kikuu, husikika dhihaka ile ile. Anayechagua uhandisi hupongezwa. Anayechagua sheria huitwa mheshimiwa hata kabla hajapokea barua ya kukubaliwa. Lakini yule anayesema kwamba atasoma Kireno au Kifaransa pamoja na Kiswahili na utamaduni wa mataifa, huulizwa: "Utakula nini?" Tena swali hilo haliulizwi na wazazi peke yao, huulizwa na walimu pia. Sisi twaipinga dhihaka hiyo. Kusoma lugha na tamaduni za dunia katika shahada moja si anasa, wala si kimbilio la walioshindwa hesabu. Ni kazi ya taifa. Lakini twasema vilevile kwamba kazi hiyo ikifanywa ovyo, italeta matarishi badala ya wasomi.

Tuitazame historia. Mwaka 1887 Wajerumani walifungua chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo. Wanafunzi wake wengi hawakuwa washairi. Walikuwa maofisa na wafanyabiashara waliojiandaa kuja huku kutawala na kuchuma. Nao hawakufundishwa ngeli na vitenzi tu. Walifundishwa pia hali ya nchi, dini, sheria na desturi za wenyeji. Kuanzia mwaka 1900 mmoja wa waliowafundisha Kiswahili alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Maandishi yake juu ya maisha ya watu wa pwani ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa mwaka 1903. Hata hivyo, jina lililotangulizwa kwenye kitabu hicho ni la Carl Velten, aliyeyakusanya.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mtawala alijua mapema kuliko sisi kuwa lugha haitengwi na watu wake. La pili ni kwamba elimu juu ya watu huwa mali ya yule anayeikusanya. Krapf alitutungia kamusi iliyotolewa mwaka 1882. Sacleux akatoa yake, ya Kiswahili na Kifaransa, mwaka 1939. Hatuwalaumu kwa bidii yao. Twajiuliza wenyewe: ni vitabu vingapi vilivyoandikwa na watu wetu, kwa Kiswahili, juu ya desturi za Wajerumani, Wachina au Waarabu, ambavyo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuvikuta katika maktaba ya shule yake? Kwa zaidi ya karne moja tumekuwa watu wa kusomwa. Wakati umefika nasi tuwe watu wa kusoma wengine.

Wapo wanaodhani kwamba kujifunza lugha ni kukariri maneno. Hebu wajaribu kulitafsiri neno dogo, "pole". Mwambie Mwingereza aliyejikwaa neno linalotolewa katika kamusi, naye aweza kukujibu kwamba hukumkosea kitu. Maana katika lugha yake neno hilo ni la kuomba radhi pia. Kwetu sisi "pole" si kuomba radhi, bali ni kushiriki katika maumivu ya mwenzio. Aliyefundishwa neno bila kufundishwa watu atafasiri kila kitu na asifahamishe chochote.

Mfano bora tunao nyumbani. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi. Angeweza kuandika "mfanyabiashara", na hakuna ambaye angemlaumu. Alichagua "bepari", neno lililotujia kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambako maana yake ni mchuuzi tu. Lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno hilo lilikuwa limekwisha pata maana nyingine kali. Kwa neno moja mfasiri aliikutanisha Italia ya kale, Uingereza ya Shakespeare, biashara ya Bahari ya Hindi na siasa ya Tanzania. Je, huo ni ujuzi wa lugha peke yake? La hasha. Na tukumbuke kwamba shahada aliyoisomea Edinburgh kati ya mwaka 1949 na 1952 haikuwa ya somo moja. Iliunganisha fasihi ya Kiingereza, historia, uchumi, falsafa na elimu ya jamii za watu.

Watatokea wenye kutukumbusha kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo ni ya kweli, lakini wanaitumia mahali pasipo pake. Mwalimu huyo huyo, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, hakusita kusema kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Ila kujifunza kwa wengine hakuna maana ya kuacha kilicho chetu. Mtumwa ni yule anayesoma ya wengine akiwa hana lake mkononi.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, masomo hayo yaunganishwe kweli. Mahindi na maharage yakikaa katika magunia mawili si makande. Huwa makande yakipikwa chungu kimoja. Mwanafunzi anayesikiliza mhadhara wa Kifaransa asubuhi na wa Kiswahili jioni, bila mtu kumwonyesha yanapokutana, amebeba magunia mawili tu. Pili, Kiswahili kiwe nguzo ya shahada hiyo, na tasnifu juu ya mataifa ziandikwe kwa Kiswahili, ili elimu hiyo iwafikie wananchi. Tatu, "dunia" isiwe jina jingine la Ulaya. Kihausa, Kiamhara na Kizulu ni lugha za dunia pia.

Na tumjibu sasa yule anayeuliza, "Utakula nini?" Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika nao ukakipokea kuwa lugha ya kazi. Maazimio hayo hayajitekelezi yenyewe. Yanahitaji wakalimani na wafasiri. Ng'ambo ya Ruvuma wako Wamakonde, na huku wako Wamakonde. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Lakini ofisa wetu na mwenzake wa Msumbiji wakikaa mezani, mara nyingi hawana budi kuazima Kiingereza, ambacho si cha babu wa yeyote kati yao. Atakayeweza kulitoa neno katika Kireno na kulitia katika Kiswahili moja kwa moja, akijua na mambo ya pande zote mbili, hatakosa kazi, wala taifa halitakosa faida.

Basi, walimu wenzetu, msimcheke kijana anayetaka kusoma lugha. Mwulizeni kwa ukali zaidi: Utasoma lugha ya nani, pamoja na historia ipi, na utaturudishia nini kwa Kiswahili? Nanyi vijana, jiandaeni kulijibu swali hilo. Mtoro alikwenda Berlin kuwaeleza wengine habari zetu. Sasa ni zamu yenu kwenda, kusoma, na kurudi kutueleza habari zao kwa lugha yetu, chini ya majina yenu wenyewe.