Toledo isiishie kwenye maduka ya panga

Ziara za siku moja kutoka Madrid kwenda Toledo hazina taabu. Treni ya mwendo kasi inafika kwa takriban nusu saa, kisha mgeni anapandishwa kilimani, anapiga picha Mto Tajo uliouzunguka mji pande tatu, na kuambiwa kwamba hapa Waislamu, Wayahudi na Wakristo waliishi pamoja kwa amani. Mimi nasema hiyo ni nusu ya habari, na aliyelipa nauli anastahili habari nzima.

Nusu hiyo si uongo. Mfalme Alfonso wa Sita alipoutwaa mji mwaka 1085, vitabu vya Kiarabu vilibaki. Gerard wa Cremona alitoka Italia kukifuata kitabu cha falaki cha Ptolemy, akajifunza Kiarabu hapo hapo, na tafsiri yake ya Kilatini ikakamilika mwaka 1175. Mara nyingi kazi hiyo ilifanywa na watu wawili: Myahudi au Mkristo ajuaye Kiarabu akisoma na kufasiri kwa lugha ya mtaani, mwenzake akiandika Kilatini.

Lakini nendeni Bab al-Mardum, msikiti mdogo ambao baadaye ulifanywa kanisa la Cristo de la Luz. Juu ya ukuta wa mbele kuna maandishi ya Kiarabu yaliyoundwa kwa matofali: moja limesimamishwa, jingine limelazwa, mpaka herufi zikatokea. Nimesomeshwa alifu na bee chuoni Mombasa, kwa hiyo nilisimama kuyafuata kwa kidole, polepole, maana mwandiko huo wa Kikufi una ugumu wake. Yanaanza kwa Bismillahi, yanamtaja Ahmad ibn Hadidi aliyeujenga kwa mali yake, na tarehe ni Muharram ya mwaka 390 Hijria, karibu na kuanza kwa mwaka 1000. Mwongozaji wetu hakuyasoma. Alikwishainua kijibendera chake, kundi likateremka naye kwenda kuonja mazapán, vitamu vya lozi.

Niliumia. Ibn Hadidi aliacha jina lake ukutani ili lisomwe.

Samuel ha-Levi naye, mweka hazina wa Mfalme Pedro, alijenga sinagogi inayoitwa leo El Tránsito, katikati ya karne ya 14. Lipu yake imechongwa Kiebrania na Kiarabu katika ukuta mmoja, chini ya dari ya mbao ambayo ukiitazama shingo inachoka kabla ya macho. Mfalme huyo huyo alimtia gerezani, akafia huko. Mwaka 1391 Wayahudi wa Toledo walishambuliwa, mwaka 1492 wakafukuzwa Hispania nzima. Waislamu wa Castilla mwaka 1502 waliambiwa wabatizwe au wahame, na hata wajukuu wa waliobatizwa walianza kufukuzwa mwaka 1609.

Najua waongozaji wanabanwa na saa, na wageni wengine hawapendi huzuni safarini. Hata hivyo muda upo. Kundi letu lilikaa kitambo kirefu katika duka la panga na sahani za nakshi za dhahabu, tukisubiri watu wamalize kununua. Waongozaji wauchukue muda huo waupeleke El Tránsito, wageni wakae wasomewe kuta, na miaka ile minne itajwe kwa sauti ndani ya jengo lenyewe.